Mfungeni Mbwa Kabla Mgonjwa Hajafika

Wengi wenu mnasoma karatasi hizi mkingoja chini ya mti mbele ya chumba cha dawa, na wengine mko kitandani na tumbo lenu limeshonwa. Mara nyingi tunawafundisha hapa habari za maji safi, choo, chandarua na chanjo za watoto. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watalicheka. Nataka kusema juu ya mbwa.

Sisemi juu ya mbwa mkali. Mbwa mkali kila mtu anamwogopa, na mgonjwa hakaribii nyumba yake. Nasema juu ya mbwa mdogo wa nyumbani, yule anayempenda bwana wake, anayeruka-ruka na kulia kwa furaha anapomwona. Neno langu ni hili: mtu aliyepasuliwa asiingie nyumbani kwake mpaka mbwa huyo amefungwa, na kazi ya kumfunga si ya mgonjwa, ni ya watu wa nyumba. Tena sisi wa hospitali tuna sehemu yetu katika jambo hili. Basi nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mzee mmoja wa kanisa, mwenye shamba la mihogo na kahawa, aliletwa kwetu usiku kwa kipoyi, maana utumbo wake ulikuwa umejisokota. Tumbo lilivimba kama ngoma, hapitishi hewa wala choo, anatapika tu. Daktari alimpasua usiku ule ule, akaunyosha utumbo, akamshona kutoka juu ya kitovu mpaka chini yake. Mungu alimhurumia. Siku ya 4 alikunywa uji, siku ya 6 aliota jua nje, na siku ya 11 nilitoa nyuzi za ngozi kwa mikono yangu. Kidonda kilikuwa kikavu na kizuri, kama mstari wa kalamu. Nilimketisha pamoja na mke wake, nikawafundisha kama desturi yetu: asilime kwa majuma 6, asibebe mzigo, asipasue kuni, akikohoa akandamize tumbo kwa nguo iliyokunjwa, ale sombe na maharage na samaki, anywe maji ya kutosha. Nikauliza, “Mmesikia?” Wakajibu, “Tumesikia, Baba.” Tukaomba pamoja, wakaenda.

Sikuuliza habari ya mbwa. Na mbwa mwenyewe nilikuwa nimemwona! Alifuata kipoyi usiku ule mpaka mlango wa hospitali, na mlinzi alimfukuza kwa fimbo mara mbili. Jina lake Watasema. Ni mbwa wa kwetu kabisa, wa rangi ya udongo mwekundu, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Mbwa wa namna hii hawabweki sana, kwa hiyo wawindaji wa msitu huwafunga kengele ya mti shingoni ili wasikie wanakokwenda. Wazungu waliwapeleka Uingereza katika miaka ya 1930, wakawaita Basenji, na mpaka leo huko wanawafuga nyumbani na kuwapeleka kwenye mashindano. Sisi tunawaona ni mbwa wa bure tu.

Basi, siku zile 11 mbwa hakumwona bwana wake. Watoto wa mzee walikuwa wakikimbia kati ya shamba na hospitali, hawakumkumbuka. Jirani yao, mama mmoja mjane, ndiye aliyempa makoko ya bugali na mifupa ya samaki, naye mbwa akazoea kulala mlangoni pake. Mzee alifika kwa pikipiki, akaketi barazani katika kiti cha kuegemea. Mbwa alisikia sauti yake, akatoka kwa mjane mbio kama mshale, akaruka moja kwa moja juu ya tumbo. Mzee akashtuka, akainuka ghafula kumshika. Aliniambia baadaye, “Nilisikia kitu ndani kinaachia, kama mshono wa suruali.” Damu haikutoka. Watoto wakacheka, naye akaona haya kusema kitu. Jioni shati lake lilikuwa na maji mekundu kidogo, kama yale ya kuoshea nyama. Alifajiri alikohoa, na kidonda kikafunguka, utumbo ukaonekana.

Mzee hakufa. Daktari alimshona mara ya pili, akakaa kwetu majuma 3 zaidi, na leo analima, ingawa hapo katikati ya tumbo kumebaki uvimbe unaotokea anapokohoa, yaani ngiri ya kovu, ambayo pengine itahitaji kupasuliwa tena. Lakini nyumbani kwake mambo mengine yalikuwa yakiendelea, nayo yalinisumbua kuliko kidonda.

Wana wake walisema mbwa huyu hakuruka bure. Walisema ametumwa. Ni nani aliyempa chakula siku zote 11? Mjane. Alitia nini katika makoko yale? Kwa nini mbwa alitoka kwake, na si mahali pengine? Ndipo wakakumbuka ugomvi wa zamani wa mpaka wa shamba. Kabla nyuzi za pili hazijakauka, mama huyu hakuweza tena kuteka maji pamoja na wenzake, na katika kanisa watu waliacha nafasi kwenye benchi lake. Na watu hao ni wabatizwa. Baadhi yao niliwafundisha mimi katika darasa la Biblia.

Nilikwenda huko siku ya Jumapili, nikaomba ruhusa kwa mchungaji, nikasimama mbele ya watu. Sikuhubiri. Nilileta ndoo ya maji yenye litre 10. Nikamwita kijana mmoja mwenye nguvu alale chali juu ya mkeka, nikamwambia, “Nitainua ndoo hii mpaka kiunoni pangu, niiachilie juu ya tumbo lako.” Kijana akaamka upesi. Watu wakacheka. Nikawaambia: litre 10 za maji ni kilo 10, na mbwa kama Watasema, mdogo kama alivyo, ana kilo 10 hivi. Daktari alimkataza mzee asiinue ndoo ya maji. Mbwa ni ndoo inayojirusha yenyewe. Je, hapo tunahitaji mchawi wa nini?

Lakini wengine waliniuliza swali la haki, nami nataka kulijibu vizuri. Walisema, “Wewe mwenyewe ulisema kidonda kimepona, ukatoa nyuzi. Ikiwa kimepona, kwa nini kilifunguka?”

Sikilizeni basi. Tumbo limeshonwa kwa tabaka. Ngozi ya juu hujifunga upesi. Kwa siku 2 hivi kidonda safi kinaanza kuziba, na kwa siku 7 mpaka 14 tunatoa nyuzi za juu. Mtu akitazama anasema, amepona. Lakini chini ya ngozi na mafuta kuna tabaka nyeupe, ngumu kama turubai, ndiyo inayoshika matumbo yasitoke. Hiyo daktari huishona kwa uzi imara unaobaki ndani, maana yenyewe hupona polepole sana. Mwisho wa juma la kwanza karibu haina nguvu yake yenyewe, uzi ndio unaoshika. Baada ya majuma 3 imepata kama sehemu 1 katika 5 ya nguvu ya zamani. Inaendelea kuongezeka kwa miezi, lakini hata baada ya mwaka hairudi kuwa sawasawa na ilivyoumbwa. Basi kile nilichokiona kizuri kama mstari wa kalamu kilikuwa mlango uliopakwa rangi, na komeo bado halijakaa. Nilipaswa kuwaeleza hivyo siku ile, wala si kusema tu “asibebe mzigo.” Mtu akiambiwa sababu, atajihadhari hata na jambo ambalo hukulitaja.

Mbwa hadhuru kwa uzito wake tu. Mgonjwa anaposhtuka, misuli yote ya tumbo hukaza mara moja, naye hujipinda au kuinuka bila kutumia mikono. Hiyo yenyewe inavuta mshono kama kikohozi kikali. Wengine hawarukiwi hata kidogo: mbwa anapita kati ya miguu yao usiku wanapokwenda chooni, wanaanguka. Na tumemwona mama aliyepasuliwa ili kutolewa mtoto, ambaye alishika yeye mwenyewe kamba ya mbwa ili asimrukie mtoto. Mbwa akaona kuku, akavuta. Mama huyu kidonda chake hakikufunguka, asifiwe Mungu, lakini damu ilikusanyika ndani, akarudi kwetu na maumivu na homa. Nawaambia ninyi waume: kamba ya mbwa si kazi ya mke aliyepasuliwa. Hata kama mbwa ni wake. Hata kama anasema, “Naweza.”

Sasa kuna wale wanaosema, mwacheni mbwa alambe kidonda, ulimi wake ni dawa. Neno hili nimelisikia kwa wazee, na nimelisikia kwa wakristo wanaoleta habari ya Lazaro maskini katika Injili ya Luka, sura ya 16, ambaye mbwa walilamba vidonda vyake. Nilijifunza sura hiyo katika shule ya Biblia, na ninawaomba muisome tena polepole. Luka haandiki kwamba Lazaro alipona. Anaandika kwamba alikufa. Mbwa wametajwa hapo ili tuone jinsi mtu yule alivyoachwa na wanadamu, hana hata mmoja wa kumfunika kidonda kwa kitambaa. Yule tajiri angempa kitambaa, mbwa wasingefika.

Ni kweli mate ya mbwa yana vitu fulani vinavyopunguza nguvu za vijidudu vichache. Lakini kinywa hicho hicho hula mizoga, hulamba matako yake, na kimejaa vijidudu vingine vinavyoleta usaha na sumu katika damu. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu aliyetolewa bandama. Katika nchi yetu ya malaria wako watu ambao bandama yao ilivimba ikapasuka kwa kuanguka au kwa kupigwa, na daktari akaitoa ili kuokoa maisha. Bandama ni mlinzi wa damu. Mtu asiye nayo akiumwa na mbwa, hata kidogo, au akilambwa penye jeraha, kijidudu kimoja cha kinywa cha mbwa kinaweza kumwua kwa siku chache. Watu hao wasingoje homa. Waje siku ile ile.

Na zaidi ya hayo kuna kichaa cha mbwa. Wengi mnajua kwamba ugonjwa huu huja kwa kuumwa. Wachache wanajua kwamba mate ya mbwa mgonjwa yakiingia katika ngozi iliyo wazi yanaweza kuuleta, hata bila jino. Chanjo ipo tangu mwaka 1885, wakati Louis Pasteur wa Ufaransa alipomtibu mtoto aliyeumwa. Lakini dawa inafaa kabla ugonjwa haujaanza. Ukisha kuanza, mtu anaogopa maji, anapotewa na akili, na karibu wote wanakufa. Kwa hiyo mkichanja mbwa wenu kila wakati waganga wa mifugo wanapopita, mnamlinda pia mgonjwa wenu, na watoto kwanza, maana watoto ndio wanaoumwa zaidi.

Wana wa mzee, walipoacha kumsema mjane kidogo, walichukua panga wamwue mbwa. Mzee ndiye aliyekataa, akiwa bado kitandani kwetu. Alisema, “Alifurahi kuniona. Ninyi mlicheka.” Nami nilikuwa upande wa mzee, na nitawaeleza kwa nini, maana wako wanaofikiri mwuguzi anataka mbwa wote wafe. Mbwa aliyeuawa mara tu baada ya kuuma hawezi kutuambia kama alikuwa na kichaa. Akifungwa na kutazamwa siku 10, akabaki mzima, anakula, anakunywa, basi hakuwa na kichaa siku ile aliyouma. Lakini msingoje siku hizo ndipo mje. Njoni kwanza, na mbwa atazamwe huku mmekwisha kuanza dawa. Hiyo ni sababu ya hospitali. Sababu nyingine ni kwamba kumwua mbwa ni njia ya kuficha kosa la watu. Panga linafanya kazi kwa dakika moja, na watu wa nyumba wanaona wamemaliza jambo, na mgonjwa anayefuata atarukiwa na mbwa mwingine.

Wala sikubali kumpiga. Mbwa anayeruka anataka kufikia uso wa mtu, ndiyo salamu yake. Ukimpigia kelele na kumsukuma kwa mikono, anafikiri unacheza naye, anaongeza. Ukimpiga, anajifunza kumwogopa mwenye fimbo tu. Lakini ukimgeuzia mgongo, usimtazame, usimsemeshe mpaka miguu yake minne iko chini, kisha umpe tonge, baada ya siku kadhaa anaelewa. Watoto wanaweza kumfundisha hivyo wakati mgonjwa bado yuko hospitalini. Wanapenda kazi hiyo kuliko kuteka maji.

Lakini mafundisho hayo hayatoshi kwa siku ya kwanza, maana furaha ya siku hiyo ni kubwa. Siku ile kamba ndiyo kazi. Wakati mgonjwa bado yuko kwetu, mtu mmoja wa nyumba achaguliwe, mkubwa au kijana wa kuaminiwa, na ajulikane kwa jina. Ikisemwa “tutamfunga,” hakuna atakayemfunga. Kamba iwe imara, ifungwe kwenye mti penye kivuli, na maji karibu, lakini isifike mlangoni wala kwenye njia ya choo. Asubuhi kijana huyo ampeleke mbwa shambani au mtoni akimbie mpaka achoke, maana mbwa wa kuwinda akikaa amefungwa mchana kutwa bila kutembea atalia usiku na kuwaudhi ninyi nyote, nanyi mtamfungua. Najua nyumba zenu. Mtamfungua usiku wa tatu. Kwa hiyo mchosheni kwanza.

Mgonjwa asilale chini kwenye mkeka katika majuma hayo, ikiwa kitanda kipo. Kitanda kinamsaidia kuinuka kwa kugeuka ubavu na kushusha miguu, bila kukaza tumbo, tena kinamweka juu kidogo ya mbwa, ingawa mbwa wa namna hii wanaruka vizuri sana na kitanda peke yake si ulinzi. Mlango ufungwe. Na mkitaka wasalimiane, maana mzee wangu alitaka sana, basi mgonjwa akae kwenye kiti, mto au nguo nene iwe juu ya tumbo lake, mtu mwingine ashike kamba fupi, mbwa anuse mkono tu, aondolewe. Fanyeni hivyo mbwa akiwa amechoka na amekula.

Vitambaa vya kidonda msivitupe katika jalala. Mbwa watavifukua, watavitembeza uani. Vichomeni, au vizikeni katika shimo la kina. Hilo nadhani mnalijua, lakini nimeona kitambaa cha mtu kinywani mwa mbwa mbele ya kanisa, kwa hiyo nalisema.

Ni kwa muda gani? Aliyepasuliwa tumbo, awe mwanamume au mama aliyetolewa mtoto, majuma 6. Aliyepasuliwa ngiri, sisi tunataka pia majuma 6, ijapokuwa madaktari wengine wanaruhusu mapema. Kwa mguu au mkono, mpaka daktari aseme. Wengine wananiambia, “Majuma 6 ni mengi, mbwa anatutafutia nyama.” Nyama ni kitu kizuri, sikatai. Basi aende msituni pamoja na wawindaji, hapo sina neno. Akirudi, afungwe. Sioni ugumu wake.

Sasa, ikiwa mbwa amekwisha kuruka. Mgonjwa alazwe, atulie. Tazameni kitambaa. Maji mekundu mepesi yakitoka ghafula katika kidonda kilichokuwa kikavu, msiseme ni kidogo. Hiyo ndiyo ishara kwamba tabaka ya ndani inaachia, na mara nyingi huja kabla kidonda hakijafunguka. Mzee alikuwa na usiku mzima wa kuja kwetu, akaupoteza kwa kuona haya. Utumbo ukionekana, msiurudishe ndani kwa mikono, msitie majani, wala mafuta, wala dawa yoyote. Mkewe mzee alifanya vizuri kuliko wauguzi wengi: alimlaza chali, akamkunja magoti ili tumbo lilegee, akachukua kikwembe kilichofuliwa, akakilowesha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi kidogo, akafunika, wala hakumpa chakula wala maji ya kunywa, maana alijua atapasuliwa tena. Kisha akaita wanaume wa kipoyi. Nilimwuliza alijifunza wapi. Alisema aliyasikia katika mafundisho ya asubuhi, wakati akimngoja mumewe.

Mbwa akiuma au kukwaruza mkono au mguu, osheni mahali hapo kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kamili, kisha mje kuuliza habari ya chanjo. Dakika 15 ni ndefu, mtachoka, endeleeni. Lakini kidonda cha tumbo kilichofunguka msikimwagie maji hivyo. Kifunikeni tu, mje mbio.

Sasa maneno machache kwa wenzangu wa hospitali, ingawa kitabu hiki ni cha wagonjwa. Tunapomruhusu mtu kwenda, tunamwuliza kama ana chakula, kama ana mtu wa kumtekea maji, kama njia ni mbali. Tumwulize pia: “Una mbwa? Ni nani atakayemfunga?” Wengine kati yetu wanaona ni swali la kuchekesha, lisilofaa mtu mwenye shahada. Mimi nimeliandika kwa kalamu nyekundu chini ya karatasi ya kutoka, na ninangoja jina. Na aliyetajwa nataka nimwone kwa macho yangu, siku ile ya kuja kumchukua mgonjwa.

Juu ya mjane, mnaweza kuuliza mambo yalikuwaje. Ndoo ile haikuwageuza wote. Mwana wa kwanza wa mzee alikwenda kwake jioni ile ile pamoja na mchungaji, akamwomba msamaha, akampelekea mkungu wa ndizi. Mwana wa pili hajakwenda mpaka sasa, akikutana naye njiani anatazama miti. Mzee, alipopata nguvu ya kutembea, alikwenda kuketi naye kwenye benchi lile la kanisa, upande wa wanawake, watu wote wakitazama. Katika kanisa letu mwanamume hakai huko. Mashemasi hawakumwondoa.

Juma lililopita mke wa mwana wa kwanza alipasuliwa kwetu, akazaa mtoto wa kike wa kilo 3. Nilipouliza swali langu la kalamu nyekundu, mume akataja jina la mama mjane. Nikasema, “Mwiteni, nimwone.” Akaja kwa miguu yake, na kipande cha kamba mkononi ili nikitazame kama kinatosha. Kilitosha. Watasema amefungwa uani kwake, chini ya mwembe, na nyuzi za mama zinatolewa Alhamisi.